Mstari Mkononi mwa Chiriku

Watoto wa darasa la Jumapili walimwita Mama Vifungo, na jina hilo alilipata kwa haki. Alikuwa fundi cherehani, na katika mkoba wake, pamoja na Biblia na miwani, hakukosa kopo la maziwa ya unga lililojaa vifungo vilivyobaki kwenye mashati na magauni ya wateja. Mtoto aliyekariri mstari wa Biblia bila kukosea neno alitia mkono koponi akachagua kifungo kimoja. Wengine walivitunga kwenye uzi wakavivaa shingoni. Mtoto wa seremala aliwahi kumeza chake ili dada yake asikichukue, na Mama Vifungo akakaa siku mbili roho juu, mpaka habari njema zikatoka chooni.

Darasa lenyewe lilikuwa chumba cha nyuma ya kanisa, palipotunzwa viti vibovu, ngoma iliyopasuka na ndoo za kudekia. Watoto ishirini na wawili walikaa kwenye mabenchi mawili na mkeka mmoja. Mama Vifungo hakusomea ualimu. Alipewa darasa miaka minne nyuma, mwalimu wa kwanza alipohama, kwa sababu mchungaji aliuliza kanisani ni nani anayependa watoto, naye kwa bahati mbaya ndiye aliyekuwa akitabasamu. Alifundisha kadiri alivyojua: alisoma, watoto wakarudia, akasoma tena, wakarudia tena, mpaka maneno yakanasa. Kwake yeye mstari uliokaririwa ulikuwa kama nguo iliyoshonwa kubwa kidogo. Hata kama leo inampwaya mtoto, kesho atakua na itamtosha.

Mwaka huo kulikuwa na mashindano. Makanisa matano ya jirani yangekutana, na watoto wangekariri mistari arobaini mbele ya majaji. Orodha ilitoka ofisini ikiwa imechapwa, Mama Vifungo akaibandika ukutani kwa gundi ya unga, na kazi ikaanza.

Mstari wa kumi na saba ulikuwa yale maneno ya Yesu kuhusu mkono wa kulia: kwamba ukimkosesha mtu, na aukate autupe, maana ni afadhali kupoteza kiungo kimoja kuliko kuangamia mwili mzima. Siku hiyo mvua ilipiga mabati hata mtu hasikii sauti yake mwenyewe. Mama Vifungo alitaka kueleza kidogo, lakini muda ulikuwa umekwisha na watoto wamechangamka. Kila walipofika pale pa kukata, walikatana mikono kwa viganja, kacha, kacha, huku wakiangukiana kwa kicheko. Akawaacha. Wa kwanza kuukariri wote alikuwa Chiriku, akachagua kifungo chekundu.

Chiriku alikuwa na miaka minane. Mama yake alikuwa mpishi wa shule na baba yake dereva wa lori la saruji, mtu wa kuonekana nyumbani siku mbili kwa mwezi. Jina la utani alilipata tangu anaanza kusema, kwa vile hajawahi kunyamaza tangu hapo. Aliuliza maswali akiwa anakula, akiwa anasukwa nywele, hata wakati wa sala, na mara moja alimwuliza mchungaji katikati ya ubatizo kama maji yale ni ya baridi.

Jumapili mbili zikapita. Ya tatu, Mama Vifungo akahisi darasa limepoa kupita kawaida, akaangaza macho kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Chiriku ndiye aliyekuwa amenyamaza. Alikaa mwisho wa benchi, mkono wake wa kulia umezama ndani ya mkono wa sweta, na kitabu cha nyimbo alikigeuza kwa wa kushoto, ukurasa mmoja mmoja, kwa taabu.

"Umeumia, mwanangu?"

"Hapana, Mama."

"Mbona mkono umeuficha?"

"Nahisi baridi."

Kulikuwa na joto la kuivisha ndizi. Baada ya ibada Mama Vifungo akamfuata mpishi getini, akamwuliza. Mpishi alikuwa na mtoto mchanga begani, wa miezi tisa, mwenye plasta juu ya jicho, na uso wake mwenyewe ulikuwa umechoka.

"Hata mimi sielewi, fundi," alisema. "Anasema unauma. Nimeukanda kwa maji moto, nimempeleka zahanati, nesi ameupindapinda hakuona kitu. Sasa anaandika kwa kushoto, madaftari yake yanaonekana kama kuku amepita. Mwaka huu nimeandamwa. Huyu naye alianguka kitandani akashonwa nyuzi tatu."

Mama Vifungo akasema pole, wakaagana.

Siku ya Jumatano, saa kumi jioni, Chiriku alifika kwa fundi na sketi ya shule ndani ya mfuko. Mama yake alikuwa amemtuma ishushwe pindo. Chumba cha kushonea kilitazama barabara: cherehani ya kukanyaga karibu na mlango kwa ajili ya mwanga, meza ndefu ya kukatia, vipande vya chaki, pasi, na sare ambazo hazijawekwa vifungo zikining'inia kwenye kamba. Mume wa Mama Vifungo alikuwa kinyozi katika chumba cha pili, na wakati huo alikuwa amekuja kufuata chai yake.

"Chiriku! Leo umemeza kufuli?" alisema, akamnyooshea mkono.

Chiriku akampa wa kushoto.

"Ala! Na adabu umeisahau nyumbani?"

"Wa kulia hautumiki, baba."

"Hautumiki? Umefungwa kwa matengenezo?" Kinyozi akacheka peke yake, akaona mtoto hacheki, akampapasa kichwa akarudi kwa mteja wake aliyenyolewa upande mmoja.

Mama Vifungo aliinamia sketi, akifumua pindo uzi kwa uzi. Chiriku alisimama upande wa pili wa meza. Alitazama mkasi uliolala juu ya meza, kisha akauliza:

"Mama Vifungo, huu mkasi mkubwa unakata nini?"

"Unakata nguo." Alifurahi kusikia swali. Angalau chiriku ameanza kulia.

"Nguo nzito?"

"Hata koti la mlinzi."

"Na ngozi?"

"Ngozi ya mkoba, ndiyo. Kwa kubembeleza."

"Na mfupa?"

"Mfupa hukatwa buchani, mwanangu, si kwa fundi." Akacheka, akainua macho.

Chiriku alikuwa ameutoa mkono wake wa kulia ndani ya sweta, ameulaza juu ya meza kati ya vipande vya chaki, kiganja juu. Kuzunguka kifundo cha mkono kulikuwa na mstari wa kalamu ya bluu. Ulikuwa umenyooka vizuri, na ulionekana umepitiwa mara nyingi, siku nyingi, kila ulipofifia.

Mama Vifungo alipiga mistari kama hiyo kila siku ya maisha yake. Fundi hapigi mstari ila pale anapokusudia kukata.

Hakupiga kelele. Alichukua mkasi, akautia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo, akautia ufunguo kifuani. Kisha akazunguka meza, akaketi chini kwenye mkeka wa vipande vya vitambaa, akamvuta mtoto akae naye.

"Niambie, mama yangu. Mkono huu umefanya nini?"

Chiriku akatazama mlangoni kwanza.

"Ulimsukuma mtoto."

"Mtoto yupi?"

"Wetu. Alichana daftari langu la kuchorea. Nilikuwa nimechora familia, akachana katikati akatafuna kichwa cha baba. Nikamsukuma akaanguka chini kitandani. Damu ikatoka nyingi. Mama akaja mbio, nikasema amejisukuma mwenyewe." Akautazama ule mkono. "Halafu Jumapili ukatufundisha ule mstari."

Mama Vifungo akafumba macho.

"Nimejaribu kwanza kuishi bila huo mkono," Chiriku aliendelea, na sasa maneno yalitoka kama zamani, mfululizo. "Kula naweza. Kuoga naweza. Kuandika nimeanza kuzoea. Vifungo vya sweta ndiyo siwezi kabisa. Lakini nikiogopa kukata nitaangamia mwili mzima. Kwa hiyo nikafikiri nije kwako, kwa sababu wewe hukosei. Mama husema mkono wako umenyooka."

Fundi yule alikuwa amezika wazazi wake wote wawili, na hakuwahi kusikia maneno yaliyomchoma namna ile. Alimkumbuka mtoto huyu akichagua kifungo chekundu, na yeye mwenyewe akimpigia makofi. Neno la kwanza lililomjia mdomoni lilikuwa kumkataza: usithubutu, usinitie wazimu. Akaling'ata. Aliona wazi kwamba akikataza tu, mtoto atatii, lakini atakwenda nyumbani akiamini kuwa Yesu amemwambia hivi na fundi amemwambia vile, na kwamba yeye amechagua la fundi kwa sababu ya woga.

"Mtoto alipoanguka," aliuliza polepole, "mama yako alisema nini?"

"Alipiga kelele."

"Akisema nini?"

Chiriku akafikiri. "Alisema, 'Jamani, moyo umenitoka!'"

"Ulitoka?"

"Nini?"

"Moyo. Ulitokea wapi? Mdomoni? Nani aliuokota?"

Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu Chiriku akaonyesha meno. "Haukutoka, Mama Vifungo! Ni kusema tu."

"Kumbe alikuwa anatania."

"Hapana! Alikuwa analia. Mtu halii akitania."

"Sasa mimi nimechanganyikiwa. Moyo haukutoka, na wala hakutania. Basi alimaanisha nini?"

Mtoto aliukunja uso. Huko nje mtu alipita na baiskeli akipiga kengele. "Alimaanisha... ameogopa sana. Sana kuliko kuogopa. Neno la kuogopa halikutosha."

"Halikutosha," Mama Vifungo alirudia. "Basi na Yesu naye alizungumza na watu kama mama yako. Alitaka kusema jambo zito, maneno ya kawaida yakawa hayatoshi, akachukua neno kubwa ili wasisinzie."

"Kwa hiyo hakumaanisha kukata."

"Alimaanisha kukata, lakini si nyama."

Chiriku hakuwa mtu wa kukubali haraka. "Umejuaje? Labda alimaanisha nyama. Wewe hukuwepo."

Swali lilikuwa la haki. Mama Vifungo alifikia mkoba, akatoa Biblia na miwani, akapekua mpaka akafika alipopataka. Hakusoma. Alisimulia kwa maneno yake, kidole kikiwa palepale. Alimweleza jinsi walivyokuja kumkamata Yesu, na jinsi rafiki yake mmoja alivyoshikwa na hasira akachomoa upanga, akampiga mtumishi wa kuhani na kumkata sikio.

"Lilianguka chini?" Chiriku alisogea karibu.

"Haijaandikwa lilianguka wapi. Ila huo ni mkono uliokosa, au sivyo? Mkono wa kulia, maana sikio lililokatwa ni la kulia na—hapana, ngoja, hapo hata hesabu zangu hazikai sawa. Mkono mmojawapo. Haya, Yesu alikuwa pale pale, na upanga ulikuwa tayari uko nje. Kama alimaanisha nyama, hapo ndipo pa kusema, 'Kata huo mkono.' Alisema nini?"

"Sijui."

"Alimwambia arudishe upanga mahali pake. Halafu akaligusa sikio la yule mtu, akamponya."

 Chiriku akauliza kwa sauti ndogo, "Na yule rafiki akabaki na mikono yote?"

"Yote miwili. Baadaye aliitumia kuwashika watu mkono na kuwainua."

Mtoto aliugeuzageuza mkono wake kama kitu alichokiazima. Mama Vifungo alimwacha. 

"Sasa cha kukata ni nini?" aliuliza hatimaye.

"Wewe unaonaje?"

"Uongo. Nilisema amejisukuma mwenyewe." Akawaza. "Na ile ya kusukuma. Mimi nikikasirika sisemi, nasukuma. Hata shuleni."

"Hiyo ndiyo kazi yenyewe, mwanangu. Na nikuambie kweli, kuna siku nahisi kukata mkono kungekuwa rahisi zaidi."

"Utakwenda na mimi kwa mama?"

"Tutakwenda wote. Na mimi ninalo la kusema."

Walitoka wameshikana mikono, sketi ikiwa imefumuliwa upande mmoja tu. Kinyozi akawaona wakipita, akataka kusema neno, akatazama uso wa mkewe akalihifadhi.

Mpishi aliishi katika nyumba ya vyumba vingi vinavyotazamana, na bomba moja uani. Walimkuta ameketi kwenye kizingiti, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, maana alisimama mbele ya masufuria tangu alfajiri. Mtoto mchanga alikuwa mapajani akitafuna kijiko. Chiriku alisimama mbele ya mama yake akayasema yote kwa pumzi moja: daftari, kusukuma, uongo, mstari, mkasi. Kisha akaonyesha kifundo cha mkono.

Mpishi aliutazama mstari wa bluu. Hakumtazama mwanawe. Alimwinulia macho fundi.

"Yaani mwanangu amekaa wiki tatu akipanga kujikata mkono, na wewe ndiye uliyemfundisha?"

"Ndiye mimi."

"Ukampa na zawadi."

"Nikampa na zawadi."

"Mimi nampeleka kanisani nikijua nimemweka mahali salama! Nasema, hapa nipumzike saa moja, yuko na Mama Vifungo. Kumbe mnawamwagia watoto maneno kama unamwaga mahindi kwa kuku, atakayepaliwa shauri yake!" Jirani mmoja alichungulia dirishani. Mpishi hakujali.

Mama Vifungo hakujitetea. Angeweza kusema habari ya mvua, habari ya muda, habari ya orodha iliyotoka ofisini. Alisema tu, "Nimekosa, mdogo wangu. Niliwapa maneno sikuwapa maana. Nimekuja kukuomba radhi, na darasani nitawaomba watoto."

Mpishi alifungua mdomo kuendelea, kisha ni kama kitu kingine kilimfikia kwa kuchelewa. Alimgeukia Chiriku.

"Ulimsukuma? Alikuwa amekaa wapi?"

"Katikati ya kitanda. Pale ulipomlaza. Alitambaa kidogo akanifuata, nikamsukuma kwa nguvu."

"Katikati."

"Ndiyo, mama."

Mpishi alishika kichwa. "Nilimlaza katikati," alisema. "Nilijua nilimlaza katikati!" Machozi yakaanza kumtiririka bila yeye kuyafuta. Akaeleza kwa vipande vipande. Tangu siku ile mumewe alikuwa akipiga simu kutoka safarini na kumwuliza ni mama gani anayeacha mtoto ukingoni mwa kitanda. Mwanzoni alibisha. Baadaye alichoka kubisha, akaanza kuamini kwamba huenda ni kweli, huenda uchovu umemla akili, huenda hafai kuachiwa mtoto. Kila alipomlaza alirudi mara nne kutazama. Kazini alikuwa ameunguza wali mara mbili kwa kuwaza.

 Chiriku alidhani uongo wake ulikuwa umekaa kimya pembeni, haumgusi mtu.

"Mama, sikujua," alisema. "Nisamehe. Nitamwambia baba mwenyewe."

"Utamwambia. Na adhabu utapata, usidhani kwa kuwa nalia."

"Sawa, mama."

"Lakini si leo. Leo sina nguvu. Lete sabuni na dodoki."

Alimkabidhi fundi mtoto mchanga, akauvuta mkono wa bintiye juu ya beseni, akaanza kuusugua ule mstari. Wino wa wiki tatu ulikuwa mkaidi. Mpishi aliusugua polepole, akasuuza, akapaka sabuni tena, akipuliza kila Chiriku aliposema aa. Mkono ulipotakata aliuweka shavuni pake, ukiwa umelowa hivyo hivyo, akakaa nao.

"Mama," Chiriku akauliza, "hasira inakatwaje?"

"Hata mimi sijui vizuri. Ukiona inakuja, niite. Na yangu ikija nitakuita wewe."

Mtoto mchanga alikuwa ameshalowesha gauni la fundi, na hakuna aliyemwambia kitu.

Jumapili iliyofuata Mama Vifungo aliingia darasani bila kopo. Watoto walilitafuta kwa macho mkobani. Aliwaambia kwamba aliwafundisha mstari mmoja bila kuueleza, na kwamba kosa hilo lilitaka kumwumiza mtu. Hakumtaja mtu. Aliwaomba radhi, jambo ambalo watoto wengi hawakuwahi kuliona likifanywa na mtu mzima, wakatazamana kana kwamba wameonyeshwa mazingaombwe. Kisha akauliza kama kuna mstari mwingine unaowatisha au wasiouelewa.

 Mtoto wa seremala akanyoosha mkono. Alisema yeye kila Jumamosi hukagua komeo la mlango mara mbili, kwa sababu waliambiwa Yesu atakuja kama mwizi, na baba yake ana zana nyingi ndani.

Kabla hawajamaliza kucheka, kabinti ka miaka sita, mdogo kuliko wote, kakauliza, "Bwana ni mchungaji wangu, maana yake mchungaji wetu ndiye Bwana?"

"Mchungaji yupi, mwanangu?"

"Huyu wa hapa. Mwenye miwani na pikipiki."

Ikaeleweka kwamba mtoto huyo alikuwa amekaa mwaka mzima akimkimbia mchungaji kila anapotaka kumsalimia, akihofia kusimama mbele ya Mwenyezi Mungu na kamasi puani. Mama Vifungo alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho, kisha akawaeleza habari za mchungaji wa kondoo, anayelala nje na kondoo wake na kuwajua mmoja mmoja kwa sauti. Kabinti kalishusha pumzi ndefu. "Basi yule mwingine ni mtu tu," kalisema.

Tangu hapo darasa likabadilika mwendo. Mstari mmoja uliweza kuchukua Jumapili mbili. Waliuliza nani aliyasema, aliwaambia akina nani, walikuwa wamefanya nini kabla, na kama wangekuwa pale wao wangefikiri nini. Walipofika kwenye ngamia na tundu la sindano, Mama Vifungo alileta sindano yake nyembamba kuliko zote, kila mtoto akachungulia, na mtoto wa seremala akatangaza kwamba hata kwato haipiti. Maswali mengine yalimshinda. Akasema sijui, akayaandika kwenye karatasi, akayapeleka kwa mchungaji, naye mchungaji mengine akajibu, na mengine akajikuna kidevu.

Mzee wa kanisa aliyesimamia mashindano hakufurahi. Alikuja dirishani siku moja akahesabu kwa vidole. "Fundi, yamebaki majuma matano na mmefika mstari wa kumi na tisa. Wenzetu wako wa thelathini na nane!"

"Tutakwenda na tulichonacho, mzee."

Wakaenda na walichonacho, na wakawa wa mwisho. Hawakuwa hata karibu na wa nne. Chiriku alipoitwa mbele alikariri mistari sita, kisha akamwuliza jaji mkuu kama wa saba anauelewa yeye mwenyewe, wakamwondolea alama. Mzee wa kanisa alirudi nyumbani kwa basi la kwanza ili asionekane na watu.

"Wa mwisho watakuwa wa kwanza," kinyozi alimfariji mkewe jioni hiyo, akimmiminia chai.

"Hilo nalo unalielewa?"

"Hata kidogo. Lakini leo limenikaa vizuri." Wakacheka pamoja. Mama Vifungo alikuwa ameumia kidogo, maana hakuna mtu anayependa kushindwa, lakini alilala usingizi mzuri.

Dereva wa lori alirudi mwisho wa mwezi. Chiriku alimwambia mwenyewe, mezani, huku ameshika kiti kwa mikono yote miwili. Adhabu ilikuwa kufua nepi za mdogo wake majuma mawili. Baba naye akaondoka mezani, akamfuata mkewe jikoni, na walichozungumza huko watoto hawakukisikia, ila mpishi alitoka akiwa ameukunjua uso. Kusukuma hakukuisha siku moja. Mara mbili shuleni Chiriku alimsukuma mwenzake, na mara zote mbili alikuja kwa fundi kusema kabla hajaulizwa.

Mtoto mchanga alipoanza kusimama dede, mama yake alimruhusu Chiriku amlete darasani. Alimleta akiwa amemkumbatia kwa mikono miwili, akijikwaa kwa uzito wake, kovu dogo likiwa limekata unyusi wa mtoto kama njia ya sisimizi. Wakampitisha kutoka paja hadi paja, akavuta nywele za watatu, akatulia kwenye mkeka. Mama Vifungo akavaa miwani. Siku hiyo walikuwa wanasoma habari za Nuhu.

"Kabla hatujaanza," Chiriku alisema, "mimi nauliza. Samaki waliingia safinani au walibaki nje?"

Darasa zima likamgeukia mwalimu.

"Sijui," Mama Vifungo alisema. "Mnaonaje nyinyi?"

Na wote ishirini na wawili wakaanza kusema kwa pamoja.